Kulipia Upya Kodi ya Gari la Uingereza Ukiwa Mombasa

Kila Desemba, na tena Julai na Agosti, watu wetu wanaofanya kazi Leicester, London, Birmingham na miji mingine ya Uingereza hurudi Mombasa kuwaona wazee, kuozesha watoto au kusimamia ujenzi. Gari hubaki huko, na kodi yake haisubiri. Maelezo haya ni ya yule ambaye kodi ya gari lake itakwisha akiwa nyumbani, Kisauni au Likoni, naye hataki kurejea kazini akute barua za faini zimerundikana nyuma ya mlango.

Wengi wetu hutatizwa na kodi hii kwa sababu hatukukua nayo. Kwetu Kenya mwenye gari la binafsi halipi kodi ya serikali ya kila mwaka. Kodi ya mapema (advance tax) iko juu ya matatu, malori na magari mengine ya biashara, na lile pendekezo la asilimia 2.5 ya thamani ya gari lililokuwamo katika Mswada wa Fedha wa 2024 liliondolewa Juni mwaka huohuo. Uingereza ni kinyume. Kila gari lililosajiliwa huko lazima ama liwe limelipiwa kodi, ama liwe limetangazwa rasmi kuwa haliko barabarani. Hakuna hali ya tatu, na gari kusimama tu bila kuendeshwa si udhuru. Inayosimamia jambo hili ni DVLA, idara ya serikali ya leseni za madereva na magari, yenye makao yake Swansea, Wales.

Mgeni na atulie kwa jambo moja: kodi hii haiulizi uraia wala viza. Anayedaiwa ni yule ambaye jina lake limo katika rekodi za DVLA kuwa ndiye mtunzaji wa gari. Hapa pana tofauti ya kuzingatia, kwani Kenya tumezoea kuihesabu logbuku kuwa ndiyo hati ya umiliki, ilhali logbuku ya Uingereza, iitwayo V5C, humtaja mtunzaji aliyesajiliwa tu na haithibitishi nani mwenye mali. Kwa hiyo kama gari ni la mjomba lakini logbuku ina jina lako, barua na faini zitakuja kwako.

Anza kwa kutazama tarehe. Tangu 1 Oktoba 2014 ile karatasi ya duara iliyokuwa ikibandikwa kwenye kioo cha mbele haipo tena, na ukilitazama gari kwa macho huwezi kujua kama limelipiwa. Ingia kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Uingereza, sehemu ya kuulizia habari za gari, uandike nambari ya usajili. Ni bure, na inafanya kazi ukiwa popote. Utaonyeshwa siku ambayo kodi inakwisha na siku ambayo cheti cha MOT, yaani ukaguzi wa kila mwaka wa usalama wa gari, kinakwisha. Ziandike tarehe hizo mbili pamoja na tarehe zako za safari kwenye karatasi moja, kwa sababu karibu matatizo yote ya kodi ninayoletewa na jamaa wakiwa tayari wako Mombasa yanatoka kwenye MOT. Malipo yenyewe ni kazi ya dakika chache.

Jambo hilo lataka kuelezwa polepole. Gari lililotimiza miaka 3 tangu lisajiliwe lazima liwe na MOT halali siku ambayo kodi mpya inaanza; isipokuwapo, mfumo hautapokea malipo yako. Nao ukaguzi hauwezi kufanywa kutoka mbali, kwa kuwa gari lazima lifikishwe kwenye gereji iliyoidhinishwa. Chukua mfano wa mtu ambaye kodi yake inakwisha 31 Januari na MOT yake inakwisha 12 Januari, naye anasafiri 10 Desemba na kurudi Machi. Akijaribu kulipa kodi inayoanza 1 Februari atakataliwa, ingawa pesa anazo na bima anayo. Sheria inaruhusu kupima gari mapema, mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya cheti kwisha, bila kupoteza tarehe ya zamani; kwake yeye siku hiyo ni 13 Desemba, naye atakuwa ameshaondoka. Namshauri apime wiki ya mwisho ya Novemba au siku za kwanza za Desemba hata kama tarehe ya cheti chake itarudi nyuma. Atapoteza wiki tano hadi saba za cheti, hasara ndogo mno ukiilinganisha na mwezi mzima au zaidi wa gari lisiloweza kulipiwa. Ada ya juu kabisa inayoruhusiwa kwa gari la kawaida ni pauni 54.85. Asiiache kazi hiyo mpaka siku ya kuamkia safari, kwa maana gari likianguka ukaguzi atahitaji nafasi ya kulitengeneza na kulirudisha.

Bima nayo lazima iwe hai. Huhitaji kuonyesha cheti chake unapolipa kodi, lakini gari ambalo halijatangazwa kuwa nje ya barabara sharti liwe na bima wakati wote, na rekodi za bima hulinganishwa na zile za DVLA. Ikiwa bima yako nayo inakwisha ukiwa Mombasa, ishughulikie kabla hujafunga mkoba.

Ili ulipe utaulizwa nambari ya rejea. Barua ya ukumbusho, V11, ina nambari ya tarakimu 16. Logbuku yenyewe ina nambari ya tarakimu 11. Aliyenunua gari juzi na bado anasubiri logbuku yenye jina lake atatumia kipande cha kijani alichopewa na muuzaji, chenye tarakimu 12. Yoyote kati ya hizo inatosha, lakini mimi naitegemea ile ya logbuku, kwa kuwa barua ya ukumbusho hutumwa kwenye anwani ya Uingereza wakati wewe umeshafika Mombasa. Mwaka mmoja niliitegemea barua. Ilifika kwa shemeji yangu Leicester, akaipiga picha jioni baada ya zamu, akanitumia kwa WhatsApp. Nilikuwa barazani kwa mama, Kuze, simu mkononi, nahesabu tarakimu moja baada ya nyingine na kila mara naishia 14, kwani kidole gumba chake kilikuwa kimefunika mbili za mwisho, naye ameshazima simu na kulala ili aamke alfajiri kwenda kazini. Tangu siku hiyo kabla ya kusafiri huipiga logbuku picha mchana, imelazwa mezani, na hukuza picha nione kila tarakimu kabla sijairudisha logbuku kabatini. Usiiache ndani ya gari, na usiichukue safarini bila sababu: ikipotea, kupata nyingine hugharimu pauni 25, na hutumwa kwa posta.

Kama umehama nyumba, badilisha anwani kwenye logbuku sasa, kabla ya safari. Huduma hiyo ni ya bure mtandaoni, na anayepuuza anaweza kutozwa faini ifikayo pauni 1,000. Anwani iwe ya mtu atakayefungua barua zako, si ya nyumba mliyoiacha tupu.

Malipo yana njia mbili za kufaa. Ya kwanza ni kuipa DVLA idhini ya kukata pesa moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki ya Uingereza, kwa mwaka mara moja, kila miezi sita au kila mwezi. Msafiri wa mara kwa mara hana njia bora kuliko hii, kwa kuwa kodi hujirudia yenyewe kila mwaka. Hujirudia, hata hivyo, ikiwa tu MOT iko hai. Isipokuwapo kodi itakwisha, na itakubidi uanze upya baada ya ukaguzi. Njia ya pili ni kulipa kwa kadi kwenye tovuti. Hapo tahadhari ya lazima ni laini ya simu. Unapolipa, benki nyingi za Uingereza hutuma namba ya siri ya mara moja kwenye nambari yako ya huko, na ikiwa laini ile umeitoa ukaweka ya Kenya, namba hiyo haikufikii na malipo yanakwama hatua ya mwisho. Hakikisha laini ya Uingereza inapokea ujumbe ukiwa Kenya, au uthibitisho unafanyika ndani ya programu ya benki. M-Pesa haipokelewi. Kama yote yameshindikana, ndugu unayemwamini aliye Uingereza anaweza kukulipia kwa kadi yake akiwa na nambari yako ya rejea, au kwenda posta inayotoa huduma hiyo akiwa na logbuku au barua ya ukumbusho mkononi.

Kiasi hutegemea gari. Magari yaliyosajiliwa tangu 1 Aprili 2017 hulipa kiwango kimoja baada ya mwaka wa kwanza, ambacho kwa mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 195, na gari la mafuta lililokuwa na bei ya zaidi ya pauni 40,000 likiwa jipya huongezewa nyongeza kwa miaka mitano. Ya zamani zaidi, yaliyosajiliwa tangu Machi 2001, hupimwa kwa moshi yanaoutoa. Magari ya umeme, yaliyokuwa yakisamehewa, yameanza kulipa tangu 1 Aprili 2025. Ukigawanya kwa miezi kupitia benki huongezwa asilimia 5, kwa hiyo pauni 195 huwa 204.75 kwa mwaka. Viwango hubadilika kila Aprili. Tazama kiasi kinachoonyeshwa kwenye ukurasa wa malipo.

Kodi hukwisha saa sita usiku ya siku ya mwisho ya mwezi, kwa saa za Uingereza. Kwetu ni saa tisa usiku wakati wao wa baridi, na saa nane usiku saa zao zinaposogezwa mbele. Usingoje usiku huo. Anayechelewa hutumiwa faini ya pauni 80, ambayo hupunguzwa nusu akiilipa mapema, na gari lililoegeshwa barabarani bila kodi linaweza kufungwa mnyororo au kuvutwa.

Wala si kila anayesafiri anapaswa kulipa. Ukikaa Mombasa miezi minne au zaidi na gari liko ndani ya uwanja wa nyumba au gereji ya mtu, tamko la SORN, kwamba gari haliko barabarani, lina maana zaidi. Ni bure, hufanywa mtandaoni, na ukitumia nambari ya tarakimu 11 huanza papo hapo. DVLA hukurudishia kodi ya miezi kamili iliyobaki kwa hundi yenye jina na anwani zilizo kwenye rekodi, ndiyo maana nimesisitiza anwani. Sharti lake halina mlegezo: gari lisikanyage barabara ya umma, hata kuegeshwa mbele ya nyumba yako mwenyewe. Anayeliendesha gari lenye tamko hilo anaweza kupelekwa mahakamani na kutozwa hadi pauni 2,500, isipokuwa akiwa anakwenda kwenye ukaguzi wa MOT aliouwekea miadi. Mweleze wazi kijana wa nyumba unayemwachia ufunguo.

Ukiliuza gari ukiwa huku, ijulishe DVLA mtandaoni siku hiyohiyo. Kodi haihami pamoja na gari, wewe utarudishiwa miezi yako na mnunuzi atalipa yake kabla hajaliendesha. Na ukiamua kulileta gari lenyewe kupitia bandari ya Mombasa likae, jaza sehemu ya logbuku ya kulihamisha nje ya nchi na uitume Swansea, kwani kukaa nje miezi 12 au zaidi ni kulihamisha kabisa. Lakini kwanza hesabu umri wake, kwa sababu Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8.

Neno kuhusu ulaghai, maana ni hapa ndipo watu wetu huumia. Ujumbe wa simu au barua pepe unaosema malipo ya kodi yako yamekataliwa na kukupa kiungo cha kuandika nambari za kadi ni wa wezi. DVLA haiombi taarifa za benki kwa njia hiyo. Ziko pia tovuti zinazofanana na ile ya serikali zikitoza ada juu ya kodi. Andika anwani ya tovuti ya serikali mwenyewe, usifuate tangazo.

Siku ya kurejea, ukiwa bado uwanja wa ndege wa Moi unangoja ndege, iandike tena nambari ya gari kwenye ile sehemu ya kuulizia. Kama ulikuwa na SORN, kodi lazima ilipwe kabla gari halijatoka uwanja wa nyumba, nayo huhesabiwa tangu tarehe mosi ya mwezi huo hata ukilipa tarehe 28. Kwa hiyo aliyefika siku za mwisho za mwezi na ana njia ya kwenda kazini kwa basi siku mbili tatu, na angoje tarehe mosi ya mwezi unaofuata.