Namna ya kufutiwa mkopo wa masomo wa Marekani unapoishi kwa mafao ya ulemavu

Miongoni mwetu tunaozungumza Kiswahili nchini Marekani, wako waliosoma kwa mkopo wa serikali kuu, kisha maradhi au ajali ikawaweka nyumbani, na leo wanaishi kwa mafao ya ulemavu huku barua za deni zikiendelea kuingia. Sheria inawaruhusu kufutiwa deni hilo lote kupitia mpango wa ulemavu kamili na wa kudumu, unaojulikana maofisini kwa herufi TPD. Nimewasaidia watu kadhaa kujaza maombi haya, na mara nyingi nimeona kwamba mtu anakwama kwa kupeleka karatasi isiyohitajika, ilhali haki anayo.

Kwanza ingia kwenye akaunti yako ya StudentAid.gov uhakikishe una mikopo ya aina gani. Mpango huu unahusu mikopo ya masomo ya serikali kuu iitwayo Direct, FFEL na Perkins, pamoja na sharti la kufundisha linaloambatana na TEACH, ruzuku ya wanaosomea ualimu. Mkopo wa benki binafsi haumo, na kwa huo itakubidi uiulize benki yenyewe kama ina utaratibu wake. Mzazi aliyechukua mkopo wa Parent PLUS kwa ajili ya mwanawe aelewe kwamba ulemavu unaoangaliwa ni wake yeye aliyekopa, si wa mtoto.

Ushahidi hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya Hifadhi ya Jamii (Social Security), na hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu kupokea SSDI, yaani mafao ya ulemavu ya aliyewahi kufanya kazi na kuchangia, au SSI, yaani msaada wa wenye kipato kidogo, peke yake hakutoshi. Unakubaliwa, kwa mfano, ikiwa mapitio yajayo ya ulemavu wako yamepangwa kufanyika baada ya miaka 5 hadi 7; na tangu Julai 2023 unakubaliwa pia ikiwa tarehe iliyotambuliwa kuwa mwanzo wa ulemavu wako imetangulia ombi kwa angalau miaka 5, au ikiwa ulipitishwa kwa utaratibu wa haraka wa magonjwa mazito.

Mama mmoja niliyekaa naye mezani kwake alikuwa ameitunza barua ya kukubaliwa mafao ndani ya mfuko wa plastiki, na aliamini kwamba hiyo ndiyo itakayomaliza kila kitu. Barua ilitaja kiasi cha fedha na mwezi wa malipo ya kwanza, lakini haikuwa na neno lolote kuhusu mapitio. Tulipiga simu Hifadhi ya Jamii tukaomba taarifa ya mafao inayoitwa BPQY, ambayo huonyesha tarehe ya mapitio yajayo na tarehe ulemavu ulipoanza. Ilipofika kwa posta, tuliona kwamba ulemavu wake ulihesabiwa tangu zaidi ya miaka sita nyuma, na karatasi hiyo ndiyo tuliyoambatanisha. Iombe mapema, kabla hujagusa fomu.

Njia ya pili ni ya waliotumikia jeshi: VA, idara ya serikali inayohudumia wanajeshi wastaafu, iwe imekupa kiwango cha asilimia 100 kwa ulemavu uliotokana na utumishi, au imeamua kwamba ulemavu huo unakuzuia kufanya kazi.

Ya tatu ni ya mtaalamu wa afya, ambaye anaweza kuwa daktari, muuguzi mwenye leseni ya kutibu, msaidizi wa daktari au mwanasaikolojia, mradi leseni yake iwe ya Marekani; kwa hiyo aliyerudi Nairobi au Dar es Salaam hawezi kutumia cheti cha daktari wa huko. Mtaalamu athibitishe kwamba huwezi kufanya kazi ya kukuingizia kipato cha maana kwa sababu ya hali iliyodumu miezi 60 mfululizo, au inayotarajiwa kudumu muda huo, au kuishia kwenye kifo. Soma alichoandika kabla ya kuondoka kliniki, kwani mstari mmoja ulioachwa wazi hurudisha fomu yote, na ukishapata sahihi yake una siku 90 tu za kuiwasilisha.

Ukitoa taarifa kwamba unakusudia kuomba, madai ya malipo husimamishwa kwa siku 120. Hili ni muhimu hasa kwa anayepokea SSDI na deni lake limeshachelewa sana, kwa kuwa sheria inaruhusu mafao hayo yakatwe, ilhali SSI haiguswi.

Fungua kila barua inayotoka Idara ya Elimu, kwani idara hiyo hulinganisha kumbukumbu zake na za Hifadhi ya Jamii na VA. Agosti 2021 ilitangaza kuwafutia watu zaidi ya 323,000 kwa njia hiyo bila wao kuomba. Maombi hayana ada, na anayekutaka ulipe ili akujazie ni wa kukwepwa.

Ukishafutiwa kwa njia ya kwanza au ya tatu, usichukue mkopo mpya wa masomo wa serikali wala ruzuku ya TEACH kwa miaka 3, maana deni la zamani litarudishwa. Kipato chako hakifuatiliwi tena katika kipindi hicho tangu Julai 2023. Kuhusu kodi, serikali kuu haihesabu deni lililofutwa kwa ulemavu kuwa mapato, lakini majimbo hayafanani, kwa hiyo muulize mtu anayekuandalia kodi kabla ya kufunga mwaka.