Hati ya uwakilishi: taja mfuko kwa jina

Kwa mnaofuatilia pensheni ya mzazi asiyeweza tena kupanda daladala kwenda mjini: mkienda kwa wakili, msikubali hati ya uwakilishi (karatasi ya kisheria ambayo mzee anampa mtu mamlaka ya kumfanyia shughuli zake) inayosema tu "anishughulikie mambo yangu yote". Mwambieni aandike jina la mfuko wa pensheni, PSSSF (wa watumishi wa umma) au NSSF (wa sekta binafsi), namba ya uanachama, na kazi zenyewe: kujaza na kusaini fomu, kuwasilisha nyaraka, kuulizia malimbikizo, kupokea barua. Hati ya namna hii husomwa kwa kubana; kisichoandikwa, mhudumu ana haki ya kusema hujapewa. Ikitaja kazi, hana kisingizio hicho. Majina nayo yalingane herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA na kadi ya uanachama. Mwanahamisi huku na Mwanahamis kule, utaambiwa ukalete kiapo. Hela acheni iingie akaunti ya mzee mwenyewe, mtaepuka maneno ya ndugu.

Inapogoma:

1. Uhakiki wa wastaafu. Hati haithibitishi kwamba mzee yu hai, hilo ni lake mwenyewe.
2. Akili ikishayumba kiasi cha kutoelewa anachosaini, umechelewa. Na hata aliyosaini zamani akiwa timamu, kisheria uwakilishi hukoma hapo. Inabidi mahakama iteue msimamizi. Kwa hiyo nendeni mapema, angali anabishana na nyinyi vizuri.
3. Akifariki, hati imekwisha siku hiyohiyo, hata mhuri uwe wa juzi. Kinachofuata ni kikao cha familia na maombi ya usimamizi wa mirathi.