Drili ya karakana, usinunue kwa kuangalia wati tu

Wakuu, hasa maseremala na mafundi wa mageti hapa Tanga, ukienda Ngamiani kununua drili usidanganyike na wati zilizoandikwa kwenye boksi, hizo ni za umeme inaokula, sio nguvu inayofika kwenye biti. Ishike mkononi kwanza. Kamata pale panapobana biti utikise kushoto kulia, ikicheza achana nayo, tundu halitakaa kwenye alama. Halafu muuzaji aichomeke, bonyeza swichi taratibuu uone kama inaanza polepole ndo inapanda, maana kutoboa chuma kwa biti nene kunataka mwendo mdogo, ukikimbiza biti inapata moto ncha inageuka bluu na ukali wote umekwisha.

Kwa kazi ya kila siku chukua ya waya, inayobana biti mpaka milimita 13, na mimi ninachokitilia mkazo kuliko vyote ni kaboni, vile vipande vidogo vinavyosugua mota kupeleka umeme na vinaisha taratibu: tafuta vifuniko viwili vidogo ubavuni mwa mota vya kufungua kwa bisibisi. Vikiwepo basi kaboni zikiisha unabadilisha mwenyewe fasta bila kuifumua mashine nzima. Uliza palepale kama kaboni zake zinapatikana, wasipokuwa nazo nenda duka jingine.

Za mtumba toka Japani ziko imara kweli ila soma kibati jamani, nyingi ni volti 100, ukichomeka moja kwa moja kwenye 230 yetu mota inaungua.