Matairi ya nyuma kwa gari lenye nguvu: namna ya kuyachagua na kuzuia gari lisikuteleze

Toyota Mark X ya lita 3.5 ina nguvu farasi 318, na zote zinafika barabarani kupitia matairi mawili ya nyuma, kila moja likigusa lami kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja. Hapa Kampala wenye magari haya hutangulia kununua egzozi na ringi. Matairi hungoja mpaka yawe kipara. Mimi ningeanzia kwenye matairi, na ningeyachagua kwa kufikiria mvua. Maelezo haya yanafaa pia Crown, BMW na Mercedes zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma. Subaru inayotumia magurudumu yote manne ina mambo yake.

1. Soma ubavu wa tairi kabla ya kuuliza bei

Tuseme limeandikwa 235/45R18 94W. Upana ni milimita 235, ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, ringi ni inchi 18. Namba 94 inamaanisha tairi linabeba kilo 670, na W ni kasi ya hadi kilomita 270 kwa saa. Utasema hakuna anayekimbia hivyo Uganda, kwani hata barabara ya kasi ya Entebbe kikomo chake ni 100. Ni kweli, lakini herufi hiyo inahusu pia uwezo wa tairi kuvumilia joto, kwa hiyo usishuke chini ya ile ya kiwandani.

Kisha tafuta herufi DOT, zinazotangulia namba ya kiwandani ya tairi. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Lililopita miaka sita silifungi nyuma ya gari la nguvu, hata meno yakiwa marefu. Mpira ukizeeka hukauka na kuwa mgumu.

Angalia pia neno STUDLESS. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani hushuka na matairi ya theluji, na muuzaji atakusifia meno yake yanavyong'aa. Mpira wake ni laini sana, umetengenezwa kwa baridi. Kwenye lami yenye jua meno hujipinda, mkia wa gari unayumba ukikata kona, na tairi linaisha upesi. Yatoe.

2. Usikimbilie upana

Tairi pana hushika vizuri kwenye lami kavu, lakini kwenye maji yaliyotuama hupanda juu ya maji mapema kuliko jembamba. Ringi za inchi 18 zenye ubavu mfupi pia zinaumia kwenye mashimo na barabara za udongo. Kama unatoka mjini mara kwa mara, 215/60R16 ina kimo karibu sawa na 235/45R18, tofauti ni milimita nne hivi, kwa hiyo spidomita haitakudanganya. Hakikisha tu kwamba ringi ya 16 inapita breki zako, maana za mota ya 3.5 ni kubwa.

3. Tazama namba ya TREADWEAR

Iko ubavuni na huonyesha tairi litadumu kiasi gani. Ikiwa 200 au chini, mpira unanata na utaisha haraka. Ikiwa 500, utadumu lakini nyuma itateleza kirahisi. Kwa gari la kila siku lenye nguvu, mimi huchagua kati ya 280 na 400, lenye mifereji mipana inayozunguka tairi, ndiyo inayotoa maji. Namba hii hujazwa na kiwanda chenyewe, basi usilinganishe chapa mbili kwa kuitegemea peke yake.

4. Mapya yafungwe nyuma

Wengi huyafunga mbele ili usukani uwe mwepesi. Mbele ikiteleza, gari linaendelea moja kwa moja na ukiachia mafuta linarudi. Nyuma ikiteleza, gari linageuka, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha. Nunua mawili yanayofanana kabisa. Alama ya uchakavu iko kwenye milimita 1.6, nyuma badilisha yakifika 3.

5. Upepo, tairi likiwa baridi

Kibandiko cha kiasi cha upepo kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mara nyingi kwa Kijapani. kPa na PSI ni vipimo vya upepo: 230 kPa ni PSI 33. Kupunguza upepo ili gari lishike zaidi ni desturi ya mashindano ya kavu. Barabarani kwenye mvua inakuponza. Kuna hesabu iliyotokana na majaribio ya NASA kwenye matairi ya ndege: kwa PSI 33, tairi lililoisha huanza kuelea juu ya maji kwenye kilomita 95 hivi kwa saa, kwa PSI 25, ni 83. Sasa linganisha na kile kikomo cha 100.

6. Mguu wako

Kilomita 150 za kwanza nenda polepole, kwa sababu tairi jipya lina utelezi wa kiwandani. Baada ya hapo kumbuka kwamba tairi lina uwezo mmoja wa kugawana: ukiutumia wote kukata kona, hakuna uliobaki wa kuongeza mafuta. Nyoosha usukani kwanza, ndipo ukanyage. Nyuma ikianza kukimbia, usiachie mafuta ghafla, kwani uzito utahamia mbele na nyuma itazidi kuwa nyepesi. Punguza taratibu na uelekeze usukani unakotaka gari liende.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi, mafuta na vumbi hupanda juu ya lami. Kama gari lina kitufe cha SNOW, kitumie. Theluji yetu iko Rwenzori tu, lakini kitufe hicho hupunguza ukali wa mafuta wakati wa kuondoka. TRC, mfumo wa umeme unaozuia magurudumu yasizunguke bure, izime pale tu umekwama kwenye matope na umeme unakunyima nguvu, ukitoka, iwashe.

7. Kagua baada ya mwezi

Likiisha katikati, upepo umezidi. Likiisha pembeni zote mbili, umepungua. Likiisha upande wa ndani tu, hasa kwa gari lililoshushwa, nenda alainmenti, yaani kunyooshwa magurudumu, kabla ya kununua jingine. Pitisha kiganja kwenye ubavu wa upande wa ndani pia, kwa sababu huko ndiko uvimbe wa mashimo hujificha.