Somo: Fallout ya 1997 kwa anayeanza – hesabu ya pointi na hesabu ya siku

Gemu la kwanza la Fallout, lililotoka mwaka 1997 chini ya Interplay, huwaangusha wageni sehemu mbili: kwenye skrini ya kuunda mhusika, kabla hata risasi moja haijalia, na kwenye kalenda, kwa kuwa una siku 150 tu za kutafuta chipu ya maji ya Vault 13, handaki unakotoka. Mapigano yenyewe ni hesabu ya kujumlisha na kutoa tu, ukishaijua. Somo linafuata toleo la kompyuta lenye viraka vyake rasmi. Majina ya ujuzi na ya mahali nimeyaacha yalivyo kwenye skrini ili usihangaike kuyatafuta.

Hatua ya 1: Mhusika

Waache Max Stone, Natalia na Albert walioandaliwa tayari. Unda wako.

Sifa ni 7 na zimepangwa kwa herufi za neno SPECIAL, kutoka juu kwenda chini: nguvu, utambuzi, ustahimilivu, haiba, akili, wepesi, bahati. Kila moja inaanzia 5, na una pointi 5 za kugawa. Kabla ya kugawa, bofya tabia ya Gifted. Inaongeza 1 kwenye kila sifa; gharama yake ni asilimia 10 kwa kila ujuzi na pointi 5 za ujuzi kila unapopanda levo. Ni bei halali. Ujuzi utaupandisha baadaye, lakini sifa hazipandi kirahisi.

Mgawo unaofanya kazi: nguvu 5, utambuzi 8, ustahimilivu 5, haiba 2, akili 9, wepesi 10, bahati 8. Jumla 47.

Wepesi ndio unaoamua utafanya mangapi kwenye zamu yako. Pointi za vitendo ni 5 ukijumlisha nusu ya wepesi, na nusu inayobaki inatupwa. Mwenye 8 na mwenye 9 wote wanapata pointi 9, kwa hiyo ile ya tisa imekwenda na maji. Mwenye 10 anapata 10, na bastola ya mm 10 inakula 5 kwa risasi moja. Hapo ndipo tofauti ilipo: mwenye 10 anapiga mara mbili, mwenye 9 anapiga mara moja na kubaki na 4 za kutembea.

Akili 9 inakupa pointi 18 za ujuzi kila levo (5, ujumlishe 18, utoe 5 za Gifted). Usiishushe chini ya 4 mara ya kwanza unapocheza, maana mhusika atakuwa anaguna tu badala ya kuzungumza na milango mingi itafungwa. Haiba 2 inaonekana ya ajabu, lakini katika Fallout ya kwanza haiba haizuii idadi ya wanaokufuata.

Nafasi ya tabia ya pili iache tupu. Fast Shot inapunguza gharama ya kila risasi kwa 1, lakini inakunyang'anya kulenga kiungo, na kulenga macho ndiko kutakakokuvusha mwisho wa gemu. Skilled inachelewesha vipaji kutoka kila levo 3 hadi kila levo 4.

Weka alama kwenye Small Guns, Speech na Lockpick. Ujuzi wenye alama unaanza na nyongeza ya 20%, na kila pointi unayotia inahesabiwa 2%. Usiweke alama kwenye Science, Repair, First Aid wala Outdoorsman, kwa sababu hizo zina vitabu vyake, na vitabu vinauzwa Hub, mji wa biashara. Kila kitabu kinaongeza kidogo zaidi ujuzi ukiwa chini, na kinaacha kufaa ukikaribia 91%. Basi soma kwanza, tia pointi baadaye. Wanaofanya kinyume wanatupa pointi za levo nzima. Small Guns nayo ina kitabu chake, lakini huwezi kungoja hadi Hub ndipo ujifunze kulenga.

Hatua ya 2: Pangoni na kijiji cha kwanza

Una nafasi 10 za kusevu. F6 inasevu haraka na F7 inarejesha, na hapo ndipo mtego ulipo: ukisevu haraka katikati ya pigano ulilokwisha kushindwa, au siku zikiwa zimebaki tano, umejifungia ndani. Tenga nafasi moja kwa kila mji, usiiguse tena hadi uufikie mji unaofuata.

Nje ya mlango wa Vault 13 kuna maiti ya Ed. Ipekue. Panya wa pangoni wamalize kwa kisu, risasi utazihitaji. Ukishatoka, elekea mashariki; Shady Sands iko njiani kwenda Vault 15. Mchukue Ian, mpiganaji wa kukodi, kwa vifuniko 100 (vifuniko vya chupa ndiyo pesa ya gemu), au mshawishi kwa maneno. Tafuta kamba mbili, kwa kuwa Vault 15 ina mashimo mawili ya lifti, na kila shimo linataka yake. Nakwambia mapema: chipu ya maji haipo Vault 15. Unakwenda kwa ajili ya uzoefu na vitu tu, ukiona siku zinabana ipite.

Hatua ya 3: Zamu moja kwa karibu

Mbele yako kuna nge mkubwa wa mionzi, pembesita saba kutoka ulipo (hatua moja ni pembesita moja). Bonyeza A uanze wewe. Anayeanza anapata zamu ya kwanza. Usimkimbilie. Piga risasi moja (5), kisha rudi nyuma hatua tano (5). Kila hatua inagharimu pointi 1 kwako na kwake pia, kwa hiyo pointi zake zinaishia njiani badala ya kuishia kwenye mwiba. Akikaribia, piga mbili. Akianza kuyumba, mwache aje.

Risasi ya kulenga inaongeza pointi 1, yaani 6 kwa bastola. Zinabaki 4, na 4 ndiyo gharama ya kufungua mkoba katikati ya pigano. Mkoba ukishafunguka unaweza kujichoma stimpak (sindano ya kuponya) tatu au nne kwa gharama ile ile moja. Wageni wengi wanafungua mkoba, wanajichoma moja, wanafunga, zamu inayofuata wanafungua tena. Huko ni kulipa nauli mara mbili.

Kulenga kunapunguza nafasi ya kupata: miguu 20, mikono 30, kichwa 40, macho 60. Skrini ya kulenga inaonyesha asilimia iliyokwisha kukatwa. Macho yakisoma chini ya 50, piga mbili za kawaida. Hakuna kinachozidi 95%, hivyo risasi ya "uhakika" nayo hukosa. Usipange zamu yako ukitegemea kwamba haitakosa.

Pointi usizotumia hazipotei: kila moja inaongeza 1 kwenye kinga yako hadi zamu yako irudi. Ukibaki na 3 na huna la kufanya, usizunguke ovyo. Bonyeza kitufe cha Space, maliza zamu.

Hatua ya 4: Siku 150

Saa inakatika unapotembea kwenye ramani na unapopumzika. Kulala hadi afya irudi yote ukiwa na ustahimilivu mdogo kunakula siku nyingi kuliko safari yenyewe. Tumia First Aid kwanza, kisha lala kilichobaki.

Njia fupi: Shady Sands, Junktown, Hub, kisha Necropolis. Junktown usitoe silaha barabarani, na umwone Killian, meya wa mji. Pale pale yuko mbwa Dogmeat. Mlishe iguana wa kijitini au vaa koti la ngozi, atakufuata. Chipu yenyewe iko Vault 12, chini ya Necropolis. Kabla hujaichomoa, tengeneza pampu ya maji ya mji. Vipuri viko kwenye mitaro ya majitaka. Ukiichomoa bila kutengeneza pampu, wakazi wanabaki bila maji, na hali yao utaikuta mwishoni mwa gemu. Chipu ikifika Vault 13, hesabu ya siku 150 inakoma.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, Ian ananipiga risasi za mgongo kila pigano. Nifanyeje?*

Umempa bunduki ya kumimina risasi. Yeye hajali nani yuko kwenye mstari. Bofya kuzungumza naye, badilishana naye bidhaa, umwachie bastola tu, kisha usisimame kati yake na adui. Deraya usimpe, havai, na levo hapandi. Akizuia mlango hakuna amri ya kumsukuma. Ondoka uelekee upande mwingine, atakufuata.

*Niko siku ya 110, sijafika hata Hub. Nianze upya?*

Hapana. Nenda Hub moja kwa moja, uwalipe Water Merchants vifuniko 2,000 wapeleke maji Vault 13. Unapata siku 100 zaidi. Katika toleo la kwanza kabisa, lisilo na viraka, msafara huo uliwasaidia pia mutanti, maadui wakuu wa gemu, kuigundua Vault 13 mapema, ndiyo maana miongozo ya zamani inaukataza. Vifuniko utavipata kwa kuuza bunduki za majambazi.

*Repair yangu ni ya chini, pampu inakataa. Kuna njia?*

Rudi Hub ununue Dean's Electronics kadhaa. Kila kitabu kinachukua saa 11 ukitoa akili yako, kwa hiyo mwenye akili 9 anasoma kwa saa 2.

*Na yule mlinzi Harry kwenye jengo la maji la Necropolis?*

Mzungumzie kwa uangalifu. Ukijibu ovyo anakupeleka moja kwa moja kwa Luteni, mkuu wa kambi ya mutanti. Sevu kabla ya kufungua mdomo.

*Niliingia The Glow, yale magofu yenye mionzi, nikatoka salama, siku chache baadaye nikafa. Hilo ni kosa la gemu?*

Si kosa la gemu. Mionzi inafanya kazi kwa kuchelewa. Meza Rad-X mbili kabla ya kuingia kwenye ramani ya The Glow, sio ukiwa ndani: kila moja inaongeza kinga ya mionzi kwa 50%, na inadumu saa 24. Chukua pia kamba, bila hiyo hushuki shimoni. Ukiona unahitaji kulala humo, toka nje kwanza. RadAway ni ya kusafisha kilichokwisha kuingia.

*Niweke pointi Energy Weapons mapema?*

Subiri. Hadi ufike mji wa Adytum, ambako fundi Smitty anaiboresha bunduki ya plazma, hutakuwa na silaha ya kustahili pointi hizo. Na angalia nguvu: bunduki hiyo inataka 6, wewe una 5. Power Armor, deraya nzito ya kundi la Brotherhood of Steel, inaongeza nguvu kwa 3.