Boti ikianza kwenda mrama kwenye spidi, pangaboi (propela) acha kwanza, shika steringi

Hii naiandika kwa wenye boti za faiba zenye mbio, zile za futi 17 mpaka 20, chini kama V na mashine kubwa nyuma. Hapa Mtwara zimeanza kuonekana moja moja na kila mwenye nayo ana kilio kilekile, mwendo wa kawaida imetulia kabisa kama pantoni ya Msangamkuu, ukifungua mafuta yote inalala kushoto, inalala kulia, kushoto tena, na kila ikilala inazidi, mpaka mtu anaachia mafuta mwenyewe kwa uoga. Ule ndo mrama wa spidi na una dawa, ila watu wengi wanaanza dawa kwa kununua vitu.

Boti iliyonifundisha ilikuwa futi 18, mashine HP 150, jamaa wa Shangani kainunua used. Noti 33 (maili za baharini kwa saa) safi, ikifika 35 inaanza kucheza. Fundi wake wa kwanza akamwambia tatizo pangaboi, nunua la chuma la majani manne. Kanunua. Hela imeenda, mrama upo palepale, ndo nikaitwa mimi.

Kwanza elewa kwa nini inacheza. Boti ikikimbia inanyanyuka, ubavu wote unatoka majini, kinachobaki kuigusa bahari ni kipande kidogo tu cha nyuma karibu na mashine. Hapo umebaki na ngalawa iliyokatwa matengo, haina cha kuishikilia pembeni. Pangaboi la kawaida linazunguka kulia ukilitazama kwa nyuma, kwa hiyo lenyewe linaisukuma boti ilalie kushoto, na ndo maana boti nyingi za aina hii dereva anakaa kulia. Sasa ikilala kidogo dereva anarudisha steringi, lakini steringi ikiwa na uchezaji, yaani usukani unazunguka kidogo kabla mashine haijaitika, marekebisho yake yanafika yamechelewa, yanafika boti ishaanza kurudi yenyewe, kwa hiyo badala ya kuizuia anaisukuma. Kama bembea vile.

Afu usichanganye magonjwa. Kulala huku na huku ni mrama. Pua kupanda na kushuka, kupiga piga maji kama inachupa, hilo jingine, mara nyingi trimu (mwinamo wa mashine) umenyanyua kupita kiasi au mzigo wote uko nyuma, shusha trimu kidogo au sogeza uzito mbele kabla hujaita fundi. Na kuvuta upande mmoja bila kulala ni jingine tena, nitalisema mwishoni.

Haya, steringi. Zima mashine, toa funguo. Bandika kipande cha tepu juu kabisa ya usukani na kingine kwenye dashibodi viangaliane. Mtu mmoja akae nyuma aitazame mashine, wewe zungusha usukani polepole kwa vidole viwili mpaka aseme imeanza kusogea. Ile boti tepu ilitembea vidole vitatu ndo mashine ikaanza kuitika. Vidole vitatu! Kwenye boti ya kwenda noti 40 mimi hata kidole kimoja naona kingi.

Yake ilikuwa ya hidroliki, oili imepungua na upepo umeingia ndani ya paipu. Tukaongeza oili ya steringi ileile iliyoandikwa kwenye kitabu chake (sio yoyote ya dukani), tukatoa upepo kama unavyotoa kwenye breki za gari, mmoja anazungusha usukani mwingine anafungua na kufunga kule kwenye silinda mpaka mapovu yaishe. Tukapima tena, vidole vitatu vikawa kimoja na nusu. Bado. Nikamwambia kijana shika lile bati lililo juu ya pangaboi utikise kulia kushoto kwa nguvu, mimi nimeweka kiganja kwenye maungio ya fimbo ya steringi na mkono wa mashine, macho hayaoni kitu lakini kiganja kikasikia, kok, kok. Nati ya pale niliizungusha kwa vidole, bila spana. Mtu alikuwa anakimbiza boti noti 35 na nati ya steringi inazunguka kwa vidole aisee. Zile nati za kujifunga zenye plastiki ndani ukishazifungua usizirudishe, weka mpya. Kama yako ni ya waya na waya una uchezaji, badilisha waya, hauna ukarabati huo.

Ukiwa hapohapo nyuma tikisa mashine juu chini pia. Raba za mashine zikichoka nayo inacheza. Kaza bolti zinazoishika kwenye ubao wa nyuma, na ukiona wosha inazama kwenye ubao kila ukikaza, simama hapo, ubao umeoza ndani. Gonga kwa mpini wa bisibisi, palipo pazima panalia ta ta, palipooza panalia du du. Boti yenye ubao wa du du haikimbizwi, inapelekwa kufumuliwa.

Uzito. Dumu la petroli la lita 20 ni kama kilo 15, weka manne upande wa kushoto ushajiongezea mtu mzima. Ile boti betri ilikuwa kushoto, madumu kushoto, na deli la barafu la samaki kushoto, kwa sababu kulia kuna kiti cha dereva na nafasi hakuna. Tukahamisha betri na madumu. Ila usirundike mbele sana, pua ikizama kwenye spidi inakata maji na kukugeuza ghafla, hiyo mbaya kuliko mrama. Na maji ya kwenye ngama (yanayokusanyika chini ndani ya boti) yafue yote kabla ya kukimbia, lita moja ni kilo moja na yanahama kwenda upande ulioshalala. Boti ya zamani povu la chini ya sakafu linaweza kuwa limenywa maji miaka, ilaze kwenye trela pua juu, kizibo wazi, usiku kucha, uone asubuhi kimetoka nini.

Baada ya hapo ingia chini ya boti. Maji mafu au bamvua haijalishi kama una trela, kama huna basi maji yakitoka ilaze mchangani. Kaazime bomba la mraba la alumini kwa mafundi milango, la mita mbili, lililonyooka kweli, liweke kwa urefu kuanzia ukingo wa nyuma kwenda mbele, jaribu sehemu kadhaa kulia na kushoto. Mita hizo mbili za mwisho zinatakiwa zinyooke. Pakiwa na tumbo bomba linabembea, na tumbo ndo linafanya pua ichupe. Pakiwa na shimo mwanga unapita katikati, pua inainama na mbio zinapungua. Kikubwa zaidi kulia na kushoto pafanane, maana boti nyingi used zilishapiga mwamba zikafaibiwa upande mmoja na mtu aliyekuwa na haraka. Kujaza kwa resini na kupiga msasa inawezekana ila mpe anayejua, ukibahatisha unaongeza ugonjwa. Na mwani usugue, bila hivyo unapima uchafu.

Kimo cha mashine: lile bati la juu ya pangaboi lianze kulingana na chini ya boti, ukitaka kupandisha panda shimo moja la bolti kila mara, ni kama milimita 19 hivi. Ikipanda sana pangaboi linameza hewa kwenye kona, mzunguko unaruka juu na boti haiendi. Kila ukipandisha tazama mkojo wa mashine (maji ya kupoza yanayoruka nje), usipotoka vizuri rudisha chini siku hiyohiyo.

Majaribio fanya asubuhi, ghuba bado kama kioo, kusi haijaamka. Watu wawili, laifu jaketi zimefungwa, kamba ya kuzimia mashine ipo mwilini kwa dereva sio imening'inia, na kaa mbali na njia ya pantoni na nyavu za watu. Panda noti mbili mbili. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika kwenye daftari, ukibadilisha vitatu hutajua kipi kimekusaidia. Mrama ukianza usikate mafuta ghafla, pua itadondoka na boti itageuka, punguza polepole, usukani ushike katikati, usiufukuze. Ikishatulia ndo shusha trimu kidogo uanze upya.

Ile boti ilifika noti 38 imenyooka, 41 ikaanza kuchokonoa kidogo lakini mkono unaiwahi. Pangaboi la majani manne tuliliacha, sio baya, linashika nyuma vizuri, ila lilinunuliwa kabla ya nati ya bei ya soda.

Ilibaki kuvuta kulia. Chini ya lile bati kuna kipezi kidogo kimeshikwa na bolti moja, legeza, ncha yake ya nyuma isogeze kidogo upande ule boti inakovuta, yaani inavuta kulia ncha inaenda kulia, kaza, kajaribu. Na kipezi hicho msikipake rangi, kwenye mashine nyingi ndo zinki yenyewe, kinaliwa na chumvi ili gia boksi isiliwe.