Kuchagua Mkondo wa Maji kwa Tangi Dogo la Maji Chumvi

Boksi la pampu huandikwa lita kwa saa, na wengi hununua kwa kuangalia namba hiyo tu. Namba yenyewe si ya uongo, ila imepimwa pampu ikiwa mpya, haina sponji kwenye tundu la kunyonyea na haipandishi maji popote. Isitoshe, haikuambii maji yatatoka kwa kasi gani. Lita 800 kwa saa zikipita kwenye mdomo wa milimita 13 hutoka kwa kasi ya karibu mita 1.7 kwa sekunde. Hapo mchanga unachimbika na nyama ya tumbawe inachanika. Lita hizo hizo zikitokea mdomo wa milimita 40 hupungua hadi sentimita 18 hivi kwa sekunde, na samaki mdogo anaogelea humo bila taabu. Tangi dogo huumia zaidi kwa kasi ya kupindukia mahali pamoja kuliko kwa uchache wa lita, kwa sababu kioo cha upande wa pili kiko karibu na mkondo haupati nafasi ya kutawanyika.

Kwa hiyo tafuta pampu ya mawimbi, ile inayokaa ndani ya tangi na kuyazungusha maji, yenye mdomo mpana. Ile ya bomba jembamba iachie kazi ya kurudisha maji kutoka kwenye kichujio.

Hesabu ya kuanzia

Kwanza jua lita zako za kweli. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 linatoa lita 65 ukizidisha, lakini ukiondoa mchanga, mawe na nafasi unayoacha juu, maji yanabaki karibu lita 50. Njia isiyokosea ni kuhesabu jerikeni za lita 20 siku ya kujaza, mawe na mchanga vikiwa vimeshawekwa.

Kisha zidisha kulingana na wanyama. Samaki na mawe peke yake: mara 10 hadi 15 kwa saa. Matumbawe laini kama Discosoma, Zoanthus na Sarcophyton: mara 10 hadi 20. Yale yenye mifupa na nyama nono, kama Euphyllia na Caulastrea: mara 15 hadi 25, mradi mkondo usiyapige moja kwa moja. Acropora, tumbawe gumu la matawi, hutaka mara 40 na zaidi, na kwa tangi la lita 50 la mtu anayeanza tunashauri uiache kabisa. Farasi-maji (samaki wa jenasi ya Hippocampus) hawaogelei kwa nguvu; wao wapewe tangi lao lenye mkondo wa polepole, wasichanganywe na hao wengine.

Lita 50 zenye matumbawe laini, basi, zinahitaji kama lita 1,000 kwa saa. Usinunue pampu ya 1,000 kamili. Nunua ya 2,000 yenye kidhibiti cha kasi, uiendeshe nusu. Unabaki na akiba pampu ikichafuka au matumbawe yakikua na kuziba njia za maji.

Mkondo wa kichujio unaingia kwenye hesabu, ila upime mwenyewe: elekeza bomba la kurudishia kwenye ndoo ya lita 10 na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 45, ni lita 800 kwa saa. Usishangae pampu iliyoandikwa 1,200 ikitoa 800. Kupanda na kona za bomba zimekula zilizobaki.

Kampala iko juu, na hewa ni nyepesi

Miongozo mingi imeandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari. Pale, maji chumvi ya nyuzi 26 yanabeba oksijeni isiyozidi miligramu 6.6 hivi kwa lita. Kampala iko karibu mita 1,200 juu, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 12, na kiwango hicho kinashuka hadi kama 5.8. Kabale, iliyo juu zaidi, kinashuka tena. Samaki wale wale, chumvi ile ile, lakini akiba ya pumzi ni ndogo.

Ndiyo maana hapa kwetu uso wa maji ndio wa kwanza kuangaliwa. Unatakiwa utikisike kote, taa ikiwaka uone mwanga ukicheza juu ya mchanga. Uso uliotulia huku ukiwa na utando wa mafuta ni dalili kwamba gesi haitoki wala kuingia, hata kama chini maji yanazunguka vizuri. Angalia alfajiri kabla ya taa: usiku mwani na matumbawe hutumia oksijeni badala ya kuitoa, na samaki wanaohema haraka karibu na uso saa kumi na mbili asubuhi wanakuambia mtikisiko hautoshi.

Mtikisiko huo huo unaongeza mvuke. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo weka alama kwenye kioo na uongeze maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa RO (kichujio cha utando kinachoondoa madini) kila siku hadi kwenye alama. Ukiongeza maji chumvi, kipimo cha chumvi kwenye rifraktomita kitapanda kutoka 1.025 bila wewe kujua.

Dukani

Pampu nyingi zinazouzwa mjini ni za tangi la maji baridi au za chemchemi ya bustani. Fungua kifuniko cha mbele, chomoa feni yenye sumaku na uangalie shafti. Kauri nyeupe ni sawa. Shafti inayong'aa, hata ukiambiwa haishiki kutu, kwenye maji chumvi iko siku itashika, na skrubu za nje zitafuata. Sumaku ya kushikilia pampu ilingane na unene wa kioo. Vinyonyeo vya mpira hulegea baada ya miezi, na pampu iliyoanguka ikitazama chini huchimba mchanga wote usiku mmoja. Ukiweza, chukua ya volti 12 au 24 yenye adapta. Hakuna umeme wa volti 240 ndani ya maji, na utaona hapa chini faida yake ya pili.

Kuiweka

Iweke kwenye kioo cha upande mfupi, sentimita 5 hadi 8 chini ya uso, ikitazama juu kidogo na kuelekea pembe ya mbele ya upande wa pili. Mkondo ukigonga kioo cha mbele kwa mshazari hujipinda na kurudi nyuma ya mawe. Hilo linawezekana tu kama mawe hayajaegemea kioo cha nyuma. Acha walau sentimita 5. Rundo la mawe lililobanwa ukutani halisaidiwi na pampu yoyote.

Mdomo wa kurudishia wa kichujio uelekeze upande unaokinzana, ili mikondo miwili ikutane katikati na kuvurugana. Mkondo usiobadilika mwelekeo huacha upande mmoja wa tumbawe ukipigwa daima na mwingine ukifa njaa. Kama kidhibiti kina mpigo wa kupanda na kushuka, tumia.

Anza na kasi ya asilimia 30, ongeza kidogo kila baada ya siku mbili tatu. Kupima, saga chembe chache za chakula kikavu, zichanganye na maji ya tangi kwenye kikombe, uzimwage mbele ya pampu na ufuatilie kwa macho. Chembe zikizunguka tangi zima bila kutua kwa nusu dakika, umefika. Zikitua pembe ile ile kila mara, sogeza pampu kwanza, kasi baadaye.

Tangi lenyewe litakuambia

Utando mwekundu unaotanda kwenye mchanga na kuvulika kama ngozi ni sainobakteria. Hupenda mahali maji yalipolala na uchafu ulipotua. Unyonye kwa mpira, elekeza mkondo hapo, na upunguze chakula. Mkondo peke yake hautamaliza tatizo lililoletwa na kulisha kupita kiasi.

Euphyllia yenye afya inayumba, inatulia, inayumba tena. Vidole vyake vikilala upande mmoja muda wote, au nyama ikivutwa hadi ukaona ukingo mkali wa mfupa, mkondo ni mkali. Isogeze sentimita 10 kabla hujagusa kasi. Sarcophyton ni kesi nyingine: mara kwa mara hujifunga kwa siku kadhaa na kung'aa kama imepakwa nta, halafu ngozi hiyo inavuliwa. Watu huogopa na kupunguza mkondo, kumbe hapo ndipo unahitajika zaidi kuiondoa ngozi.

Mchanga ukiwa na vilima upande mmoja na kioo tupu upande mwingine, pampu iko chini mno au mchanga ni laini mno. Chembe za aragonaiti (mchanga wa chokaa) za milimita 1 hadi 2 hutulia vizuri. Mchanga wa Lwera, ule unaochimbwa kwenye kinamasi cha barabara ya Masaka, uache kwa mafundi ujenzi. Huja na tope na hauongezi kalsiamu wala alkalini.

Anemoni hutembea, na ikifika kwenye pampu husagwa, kisha sumu yake huharibu tangi zima. Vika sponji kwenye tundu la kunyonyea.

Umeme ukikatika

Betri ya volti 12 ya amp-saa 7 ina wati-saa 84. Ya asidi usiimalize. Tumia nusu, yaani 42. Pampu ya volti 12 inayokula wati 5 itaenda kama saa 8 kwa kasi ndogo, ikitazama uso wa maji. Kama huna betri, chota maji ya tangi kwa jagi na uyamwage humo humo kutoka kimo cha sentimita 20, mara kumi hivi, kila baada ya robo saa. Usilishe mpaka umeme urudi. Waya zote ziache zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji chumvi lidondoke sakafuni na lisifuate waya.

Kuisafisha

Kila mwezi ifungue na uiloweke kwenye siki na maji nusu kwa nusu, dakika 30 hadi 60. Sugua feni na tundu lake kwa mswaki wa zamani, suuza, rudisha. Chokaa ikiachwa, pampu huanza kunguruma, kisha inakataa kuwaka baada ya umeme kukatika, ingawa ilikuwa inazunguka vizuri kabla. Ukisharudisha pampu safi, shusha kasi kwanza: itasukuma zaidi ya ulivyozoea.